Hariri Juu ya Doa



Chunusi inapona, doa linabaki. Wenye ngozi nyeusi tumelijua hilo tangu tukiwa vijana: kipele kinakaa wiki moja, alama yake inakaa miezi. Kwa wanaume ni kidevuni na shingoni, pale wembe unapopita. Kwa watoto ni miguuni, walikoumwa na mbu wakajikuna hadi damu ikatoka. Doa likikataa kuondoka, ndipo mkorogo unapopata njia ya kuingia nyumbani.

Sasa inasifiwa hariri. Si kitambaa, ni protini zake, zilizoyeyushwa zikatiwa kwenye krimu na seramu, halafu chupa ikaandikwa kwamba inafuta madoa. Nataka kuitetea hariri, ila si kwa sababu iliyoandikwa kwenye chupa.

Funza wa hariri, yule anayelishwa majani ya mforsadi, hutoa uzi wenye protini kuu mbili. Ya kwanza ni fibroini. Hiyo ndiyo uzi wenyewe, na huchukua karibu robo tatu ya uzito. Ya pili ni serisini, gundi inayoushikanisha uzi huo ili kifuko cha funza kisifumuke. Wafuma vitambaa hawana haja na gundi. Wanachemsha hariri kwa sabuni au magadi, gundi inayeyuka, maji yanamwagwa, na kinachobaki ni ule ulaini tunaoujua. Kwa karne nyingi serisini ilikuwa uchafu wa kiwandani tu. Kisha mwaka 1998 watafiti wa Japani wakachapisha kwamba uchafu huo, ukipimwa maabara, unazuia tirosinasi.

Tirosinasi ni kimeng'enya kinachoanzisha kazi ya kutengeneza melanini, rangi ya ngozi zetu. Hakifanyi kazi bila madini ya shaba. Serisini nayo imejaa asidi amino iitwayo serini, na maelezo yanayotolewa ni kwamba inaishika ile shaba, kimeng'enya kikabaki mikono mitupu. Wauza seramu wanaishia hapo. Kimeng'enya kimezuiwa, rangi imepungua, lete pesa.

Lakini ngozi si chupa ya maabara. Tabaka lake la juu limeumbwa kukataa wageni. Wataalamu wa dawa za kupaka wana kipimo chao: molekuli yenye uzito unaozidi daltoni 500 hupenya ngozi nzima kwa shida sana. Serisini ina uzito wa maelfu ya daltoni, mara nyingi makumi ya maelfu. Na seli zinazotengeneza melanini hazikai juu, ziko chini kabisa ya ngozi ya nje. Ukijipaka protini nzima ya hariri usoni, sehemu kubwa itabaki pale pale ulipoipaka.

Basi imeshindwa? Hapana, na hapa ndipo jambo hili linaponivutia. Mwaka 2012, Pornanong Aramwit wa Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, Bangkok, pamoja na wenzake, walitoa matokeo ya jaribio kwa wagonjwa wa figo wanaosafishwa damu kwa mashine. Wagonjwa hao husumbuliwa na muwasho wa mwili mzima, muwasho usiokwisha kwa kukunwa. Walianza 50, wakamaliza 47. Mkono na mguu wa upande mmoja vilipakwa krimu yenye serisini, na vya upande wa pili krimu ile ile isiyo na serisini. Mgonjwa hakujua upande upi ni upi, wala mpimaji. Baada ya wiki sita, upande wa serisini ulikuwa na unyevu zaidi, ulikuwa umetulia zaidi, na weusi wake ulikuwa umepungua.

Angalieni mambo hayo matatu yanavyokwenda pamoja. Ngozi iliyoshika maji haiwashi sana. Isiyowasha haikunwi. Isiyokunwa haitiwi weusi mpya. Ninavyoyasoma mimi matokeo hayo, hariri haikuhitaji kushuka hadi kwenye seli za rangi. Huenda ilifanya kazi ikiwa huko huko juu, kwa kuituliza ngozi.

Maana doa hili si ugonjwa wa rangi. Ngozi ikiumia, iwe kwa chunusi, moto au kemikali, seli za ulinzi hukusanyika na kumwaga kemikali za uvimbe, zikiwemo prostaglandini na lukotrini. Kemikali hizo huziamsha seli za rangi, nazo zikatengeneza melanini kupita kiasi na kuigawa kwa majirani. Likiishia kwenye ngozi ya nje, doa huwa la kahawia, na litafifia polepole kadiri ngozi inavyojibadilisha. Uvimbe ukiharibu mpaka wa chini, melanini huangukia kwenye ngozi ya ndani, ikamezwa na seli za usafi zinazokaa nayo miaka. Doa hilo huwa na rangi ya kijivu inayoelekea bluu. Huko hakuna krimu inayofika kirahisi, ya hariri au ya chochote.

Kwa hiyo anayejipaka mkorogo anafukuza moshi huku akichochea kuni. Mkorogo mkali unaochubua unaleta uvimbe mpya, na uvimbe mpya unaleta weusi mpya. Hayo ndiyo madhara madogo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika jarida la madaktari la Uingereza kuhusu wagonjwa wa figo waliokuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Mwaka 1975 ikatoka ripoti kutoka Afrika Kusini ya nyuso zilizofanya weusi mzito wa bluu usiotoka, kwa sababu ya haidrokwinoni iliyotumika muda mrefu. Haidrokwinoni hiyo daktari wa ngozi bado anaweza kuiandika, kwa kipimo na kwa muda anaousimamia. Mkorogo wa dukani haupimwi na mtu.

Nikiweka hariri kando ya hayo, najua kipi nitamkaribisha ndugu yangu atumie. Lakini sitamwambia kwamba jambo limethibitika. Wale wa Bangkok walikuwa wagonjwa wa figo wenye muwasho, si vijana wenye chunusi. Wiki sita ni chache kwa doa la mwaka mzima. Halafu, kwa kuwa kipodozi hakidaiwi ushahidi kama unaodaiwa kwa dawa, mwenye kiwanda anaweza kutia tone moja la serisini na kuchora kipepeo kwenye lebo. Wapo pia watu wachache ambao miili yao huikataa protini ya hariri. Jaribu kwanza nyuma ya sikio.

Na kuna jambo ambalo chupa hailisemi, kwa sababu halina faida kwa muuzaji: mwanga. Jua huzidisha doa, na kwa ngozi nyeusi hata mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho huzidisha. Mafuta mengi ya kukinga jua yanazuia ule usioonekana tu. Yanayozuia na huu wa kawaida ni yale yenye oksidi ya chuma, yenye rangi ya kahawia, ambayo kwa bahati ndiyo yasiyotuacha na uso wa majivu.

Thika kuna kituo cha utafiti wa hariri. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, na huko huko yametengenezwa mafuta ya jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Ningependa kuviona vituo hivyo viwili vikikaa meza moja: vijana wenye madoa ya chunusi, nusu ya uso krimu yenye serisini, nusu ya pili krimu tupu, mafuta ya jua pande zote mbili, kwa miezi kadhaa. Kwa sasa, aliyekwisha kununua seramu yake ya hariri aendelee nayo, mradi haimwashi. Ambaye hajanunua, na mfukoni ana pesa ya chupa moja tu, anunue mafuta ya jua.