Injini Iliyopendwa Kupita Kiasi

Leo nawasimulieni habari za injini ya gari la moshi ya Uingereza, iitwayo Flying Scotsman. Iliundwa Doncaster mwaka 1923, na mwaka 1934 ilikwenda maili 100 kwa saa. Ilipostaafishwa mwaka 1963, Bwana Alan Pegler aliinunua isije ikavunjwa. Baadaye ilitengenezwa upya kwa muda wa miaka kumi, kwa pauni milioni 4.2. Tarehe 25 Februari 2016 ilitoka London kwenda York, na watu walijaa kandokando ya njia, wazee kwa watoto. Wengine, ajabu ya mapenzi, waliingia relini kabisa wapate kuipiga picha. Na chuma kizito namna ile hakimjui mpenzi wake! Ilibidi gari lisimamishwe. York ilifika imechelewa, na huko halaiki nyingine ilikuwa ikiingojea.