Mwalimu wa Uraia na Chai ya Watu

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya walimu wa uraia katika mkutano wa wanachama wa tawi)



Sisi tunaofundisha uraia mitaani tumesikia wengine wenu wakiuliza, "Hawa walimu wa kura wametumwa na nani?" Swali hilo si matusi. Ni swali la haki, na leo twataka kulijibu.

Kwanza twakiri kosa letu. Siku moja tulikosa fedha za ukumbi, na mtu mmoja aliyekuwa akitafuta kiti akatulipia ukumbi na chai. Tukapokea. Hakutuomba neno lo lote. Lakini alipoingia mlangoni tulisimama sote tukampigia makofi, na juma lililofuata viti vilikuwa vitupu. Tuliyofundisha yalikuwa kweli, ila watu walikuwa wamekwisha kuona ni nani aliyelipa chai. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Tulichanga wenyewe tukarudisha fedha zile, lakini imani hairudi upesi kama fedha.

Tangu siku hiyo tumejiwekea sheria nne.

Ya kwanza: twafundisha namna ya kupiga kura, hatufundishi wa kupigiwa. Twaeleza jinsi ya kujiandikisha, zile karatasi sita kutoka ya Rais hadi ya mjumbe wa wadi, na kwamba kura ni siri. Kifungu cha 38 cha Katiba ya 2010 kimempa kila raia uhuru wa kuchagua katika siasa. Uhuru huo ni wako, si wa mwalimu wako.

Ya pili: hatupokei fedha, chai wala nauli kutoka kwa mgombea au chama cha siasa. Kila shilingi inayoingia huandikwa, pamoja na jina la mtoaji, na hesabu hubandikwa ukutani.

Ya tatu: wagombea wakialikwa, wote hualikwa, nao hupewa dakika sawa na maswali sawa.

Ya nne: mwalimu akitaka kiti, aache kufundisha kwanza, hata akiwa katibu wetu. Hatusemi ni vibaya kiongozi wa wafanya kazi kuingia Bungeni. Tom Mboya alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanya kazi alipochaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1957. Twasema tu kwamba mtu hawezi kuwa mchezaji na refa katika mchezo mmoja.

Ndugu mmoja alituuliza, "Chama cha wafanya kazi kisicho na upande ni chama gani?" Amesema kweli. Katika mambo ya mishahara na haki za Kifungu cha 41 tuna upande, nao ni wa mfanya kazi. Chama chetu kikitaka kupinga sheria mbaya, na kipinge waziwazi katika mkutano wake na kwa jina lake. Lakini asiingie mtu darasani kujifunza kura, kisha akauziwa mgombea.

Wako waliotutangulia katika njia hii. Huko Marekani kuna chama kiitwacho League of Women Voters, kilichoanzishwa mwaka 1920. Hutoa maoni juu ya sheria, lakini hakiungi mkono wala kupinga mgombea au chama cha siasa. Ndicho kilichosimamia midahalo ya wagombea urais katika televisheni mwaka 1976, 1980 na 1984. Mwezi wa Oktoba 1988 wasaidizi wa George Bush na wa Michael Dukakis walikuwa wamekwisha kupatana faraghani juu ya masharti ya mdahalo, hata juu ya waulizaji na watu wa kukaa ukumbini. Wakayaleta masharti hayo ili chama kiyakubali tu. Kilikataa, kikajitoa. Mdahalo ulifanyika chini ya mikono mingine, na midahalo ya urais haikurudi kwake. Kilipoteza kazi kubwa, lakini jina lake hakikulikopesha.

Nasi hapana budi tuwe tayari kupoteza. Pengine tutakosa ukumbi, tufundishe chini ya mti. Pengine tutakosa chai. Afadhali darasa la watu kumi wanaotuamini kuliko ukumbi uliojaa watu wanaongojea sukari.

Basi twawaomba mtulinde. Mkimwona mwalimu amevaa kofia ya chama cha siasa, au mkimsikia akimsifu mgombea darasani, mwambieni Mwenyekiti. Ataondolewa darasani mpaka uchaguzi upite, awe nani. Na siku mtakapopewa chai katika darasa letu, msione haya kuuliza imelipwa na nani.