Intaneti Ikikatika, Shika Kalamu

Ndugu wanafunzi wa Kibiti na wa Delta ya Rufiji, leo tutazame shida ya intaneti inapokatika.

Fomu ya mtoto haifunguki, na watu wote wanamkasirikia fundi wa kompyuta. Je, kosa ni lake? Mara nyingi sivyo. Habari husafiri mbali: hutoka katika simu mpaka mnarani, hufika Dar es Salaam, kisha hupita katika mkongo, yaani waya mnene uliolazwa chini ya bahari.

Jumapili, tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini. Intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Fundi wa Kibiti angefanya nini? Kazi ile ilitaka meli.

Lakini siku nyingine kosa li karibu, na kampuni hujibu tu, "Subiri." Basi fanyeni hivi. Kwanza, waulizeni majirani. Kama ni wewe peke yako, tazama simu yako na kifurushi chako. Kama ni wote, piga simu kwa kampuni. Pili, andika tarehe, saa, mahali, na jibu ulilopewa. Kampuni isipokusaidia, peleka lalamiko lako TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kifurushi ni mali, umekinunua.

Zoezi: andikeni lalamiko la sentensi tatu. Kwaherini.