Baridi ya Julai na Jiko la Makaa: Mazungumzo na Wenye Nyumba

(Mazungumzo ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti mbele ya wenye nyumba, wenye ploti na wapangaji, kabla ya msimu wa baridi)



Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya kupasha nyumba joto. Mimi si fundi wala daktari. Kazi yangu ni kuandika taarifa za Kaunti, na kuna taarifa moja ambayo sisi maafisa wa mawasiliano wa nyanda za juu tunaijua kwa moyo, maana kinachobadilika ndani yake ni majina tu. Familia imelala. Asubuhi majirani wanaona mlango haujafunguliwa. Wanabisha, wanaita, mwishowe wanauvunja. Chini ya mlango kuna nguo iliyosukumwa kuziba upepo, na katikati ya chumba kuna jiko la makaa lililokwisha kuzimika. Hakuna kilichoungua. Hakuna aliyepigana. Hata blanketi bado zimekunjika vizuri miguuni.

Taarifa hiyo huandikwa zaidi kati ya Juni na Agosti. Leo ningependa tuzungumze mapema, ili mwaka huu nipate kuandika mambo ya viazi na barabara.

Nianze na makaa yenyewe, kwa sababu hapa ndipo kuna imani nyingi zinazoua. Makaa yakiwaka mahali penye hewa kidogo hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikwaruzi koo. Ukiivuta, inaingia kwenye damu na kushika mahali pa oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu anaendelea kupumua kama kawaida huku mwili wake unakosa hewa. Aliye macho atasikia kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu mizito. Wengi hufikiri ni homa au uchovu wa shamba, wakajilaza. Aliyelala hasikii chochote.

Nimesikia watu wakisema makaa yakishakuwa mekundu na moshi kuisha, jiko ni salama kuingizwa ndani. Hapana. Moshi ni kitu kingine kabisa. Moshi unakuamsha, unakukohoza, unakufukuza nje. Ukishaisha, gesi inaendelea kutoka bila ya kukupigia hodi. Wengine huweka beseni la maji kando ya jiko, wakiamini maji yatanyonya sumu. Gesi hii karibu haiyeyuki ndani ya maji. Beseni hilo litakusaidia kuosha miguu tu. Wengine hufunika makaa kwa majivu ili yadumu hadi alfajiri. Makaa yaliyofunikwa majivu yanawaka polepole kwa kukosa hewa, na hiyo ndiyo hali inayozaa gesi hiyo kwa wingi. Na wale wanaosema wanaacha dirisha wazi kidogo: kwanza, saa nane za usiku baridi ikizidi, mtu huamka akalifunga. Pili, upenyo wa vidole viwili hautoshi kwa jiko linalowaka usiku kucha.

Kwa hiyo jiko la makaa lisilale na watu. Likishaivisha chakula, litoke nje, likazimwe huko. Kanuni hiyo ni ya jenereta pia, na ya gari linalonguruma ndani ya gereji iliyoungana na nyumba. Meko ya gesi ya kupikia nayo isiachwe ikiwaka ili kupasha chumba. Inakula hewa ile ile mnayovuta.

Sasa mtaniuliza, na mna haki ya kuniuliza: mtoto anatetemeka, nifanye nini?

Tuanze na swali la baridi inaingilia wapi. Nyumba zetu nyingi, kuanzia Njabini hadi Ol Kalou, ni za mbao au mawe, na juu ni mabati matupu. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku mbingu ikiwa wazi, bati hupoteza joto lake likaelekea angani, likawa baridi kuliko hata hewa iliyolizunguka. Ndiyo sababu asubuhi mnaona matone yananing'inia ndani ya bati na kudondokea kitandani. Si paa linalovuja, ni pumzi zenu wenyewe zilizogusa bati baridi zikawa maji. Usiku wa aina hiyo ndio unaoleta sakitu, ile baridi nyeupe inayochoma mimea ya viazi, nayo haingoji Julai. Januari na Februari huja pia.

Joto hupanda. Ukipasha chumba kisicho na silingi, kwa jiko au kwa hita ya bei ghali, umepasha bati. Ukiniuliza shilingi zako za kwanza uzitie wapi, nitakwambia silingi, na uanze na chumba cha kulala watoto. Si lazima nyumba nzima kwa mara moja. Mbao nyembamba, plaiwudi, bodi ya jasi, kila mtu kwa uwezo wake. Kinachofanya kazi hasa ni ile hewa iliyotulia kati ya silingi na bati, kwa hiyo hakikisha fundi ameziba pembeni, panapokutana ukuta na paa. Nimeona silingi nzuri sana, imepakwa rangi, lakini pembeni mkono unapita. Hiyo ni pambo.

Kuna wanaoshona magunia au kutandaza nailoni juu. Inasaidia baridi, siwezi kukataa, lakini vitu hivyo vikishika moto wa mshumaa au koroboi huyeyuka na kudondoka vikiwaka. Hali ni hiyo hiyo kwa yale mabodi meupe mepesi ya kufungashia televisheni. Yakitumika, lazima yafunikwe kwa kitu kigumu kisichoshika moto upesi, yasiachwe wazi juu ya vichwa vya watu.

Baada ya silingi, shuka chini. Mwanya ulio chini ya mlango huzibwa kwa kipande cha mpira wa tyubu kuukuu kilichopigiliwa misumari; bei yake ni karibu na bure. Nyumba ya mbao, pigilia vibao vyembamba juu ya kila pengo kati ya mbao na mbao. Mabibi zetu walibandika magazeti ukutani kwa uji wa unga, na wengine wetu tulijifunza kusoma kutoka kwenye kuta hizo. Hawakukosea kuhusu upepo, ingawa kwa moto ni hatari. Sakafu ya simiti itandikwe mkeka au zulia, na chini yake makatoni. Godoro lisilale juu ya simiti; hata kama kitanda hakijapatikana, liinue kwa mbao.

Lakini sikilizeni hapa, kwa sababu maneno haya mawili yanapigana. Nyumba inayozuia upepo vizuri ndiyo inayoua haraka zaidi ukiingiza jiko. Ukiziba, usiwashe, ukiwasha, usizibe. Na yale matundu ya hewa yaliyo juu ya dirisha, ambayo fundi aliyaacha makusudi, yasijazwe matambara hata kama humo ndani hakuna moto. Watu sita katika chumba kimoja wanahitaji hewa mpya, na kifua kikuu hupenda chumba kisichopitisha hewa.

Jua nalo tunalipoteza. Juni na Julai jua linakuwa upande wa kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo hapa kwetu dirisha linalotazama kaskazini ndilo linalopata jua la mchana. Fungua mapazia ya upande huo tangu asubuhi ukungu ukiondoka, anika blanketi na magodoro, kisha funga madirisha na mapazia jua likianza kuteremka, usingoje giza. Na wewe unayepanga kujenga, kabla hujaleta ramani kuidhinishwa na Kaunti, mwambie mchoraji akuwekee sebule upande huo. Haiongezi hata mfuko mmoja wa simiti.

Sasa umeme. Hita ya kawaida ina wati 2,000. Ikiwaka saa tano, imekula yuniti 10. Zidisha mwenyewe kwa bei unayolipa. Tangu 2023, bei ya chini kabisa ya matumizi ya nyumbani ni ya wale wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi, na hita hiyo inakufikisha hapo kwa usiku tatu. Blanketi ya umeme ya wati 100, ikiwaka usiku kucha saa nane, haifiki yuniti moja. Hapo utaona hesabu yenyewe: ni rahisi kumpasha mtu kuliko kupasha chumba. Na chupa ya mpira ya maji moto inashinda zote. Kuchemsha lita mbili kwa birika ya umeme hakufiki robo ya yuniti. Maji yasitiwe yakiwa yanatokota. Yaache yapoe kidogo, kaza kifuniko, ivishe chupa soksi au taulo. Kwa mtoto mchanga, pasha kitanda kisha iondoe chupa kabla ya kumlaza, kwa maana ngozi yake huungua kwa joto ambalo wewe huoni ni kali.

Ukitumia hita, ichomeke moja kwa moja ukutani. Zile ekstensheni za bei rahisi zenye waya mwembamba hazikutengenezwa kubeba mzigo huo kwa saa nyingi. Hupata moto chini ya zulia bila mtu kuona. Iwe umbali wa mita moja kutoka kwa pazia, kitanda na nguo. Isikaushe yunifomu. Na izimwe kabla ya kulala.

Kuna wenzetu wachache wanaojenga nyumba kubwa ambao huuliza kuhusu zile mashine za hewa za ukutani kama za Mombasa. Zipo zinazopooza na kupasha pia, na kwa kupasha hutumia umeme mdogo sana kuliko hita ya waya, mara nyingi karibu theluthi moja kwa joto lile lile. Shida ni gharama ya kuinunua na kuifunga, na nyumba isiyo na silingi itaimeza nayo pia.

Anayetaka moto wa kuni ndani, na kwa baridi ya Kinangop simlaumu, ajenge meko ya ukutani au anunue jiko la chuma lenye bomba la moshi linalotoka nje na kupita juu ya kilele cha paa. Bomba likipita kwenye silingi, lisiguse mbao. Lisafishwe kila mwaka kabla ya Juni. Masizi yakiziba, moshi na gesi hurudi ndani. Meko isiyo na bomba ni jiko la makaa lenye sura nzuri tu.

Wenye ploti, nina neno nanyi. Mpangaji anayelipa chumba kimoja cha mabati hana jikoni. Atapika pale pale anapolala, na jioni ya Julai hatatoa jiko nje kwa sababu nje kunanyesha na jiko litaibiwa. Mkimjengea kibanda cha kupikia chenye paa na mlango unaofungwa, mmeondoa sababu yake. Silingi katika chumba cha futi kumi kwa kumi si kazi ya kumfilisi mtu. Nimeona ploti zilizopakwa rangi mpya kila mwaka nje, na ndani mpangaji anaona misumari ya bati.

La mwisho ni la dharura. Ukiwakuta watu wamezidiwa ndani ya chumba chenye jiko, vuta pumzi nje, fungua mlango na madirisha yote, watoe watu kwenye hewa safi kwanza, jiko lisikusumbue. Ukihisi kizunguzungu toka, usiwe wa pili. Piga 999 au 112. Asiyepumua asaidiwe kupumua na anayejua. Usimpe maziwa wala maji mtu aliyezimia. Maziwa hayaondoi gesi hii, na yanaweza kumpalia. Wote waliokuwa chumbani waende hospitalini, hata yule anayesema amepata nafuu, na mama mjamzito kabla ya wengine, kwa sababu mtoto aliye tumboni huumia zaidi kuliko yeye. Na mkifika, mwambieni daktari waziwazi kwamba kulikuwa na jiko ndani. Watu huona aibu kulisema, daktari akapima malaria, saa zikapita. Dawa ya kwanza ni oksijeni, na inatakiwa mapema.

Wahudumu wa afya ya jamii wako hapa mbele, na fundi mmoja amekubali kukaa nasi hadi saa nane. Maswali ya silingi mpelekeeni yeye. Ya jiko niulizeni mimi, na ningependa wapangaji waanze.