Mwalimu Naye Huuliza

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni na Afisa Elimu. Yamechapwa hapa ili wanafunzi wa madarasa ya watu wazima wayasome wenyewe, au wasomewe polepole na mwalimu wao. Iwekeni kalamu na karatasi karibu.)

  

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za mwalimu. Sisemi habari ya namna anavyofundisha, maana hiyo mwaijua. Mnamwona kila siku mbele ya ubao. Nataka kuwaeleza namna anavyojifunza. Watu wengi hudhani kwamba mwalimu akiisha kupata cheti amemaliza kujifunza, kama mkulima aliyejaza gunia la mpunga akalishona mdomo. Mambo sivyo yalivyo.

Siku hizi mtamwona mwalimu wa shule ya kijijini kwenu, saa za jioni, ameketi nje ya nyumba yake, ameinamia simu. Mpita njia husema, "Tazama huyu! Madaftari hayajasahihishwa, naye anachezea simu." Huenda ni kweli anacheza. Walimu ni watu. Lakini huenda pia yuko darasani wakati ule ule, naye ndiye mwanafunzi. Nitawaeleza jambo lililonipata mimi mwenyewe, kisha mtaamua.

Nilianza kazi ya ualimu katika kijiji kimoja cha wachimbaji wadogo wa dhahabu, upande wa Geita. Ninyi mnaokaa Nyarugusu, Katoro au Kahama mwavijua vijiji vya namna hiyo. Habari za dhahabu zikisikika, watu huja kwa wingi. Maduara huchimbwa, makarasha hunguruma kutwa, na watoto huletwa shuleni katikati ya muhula. Dhahabu ikipungua watu huondoka, na majina ya watoto hubaki katika kitabu cha mahudhurio bila watoto wenyewe. Darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja. Baadhi yao walikuja wakisema Kisukuma tu, na mimi kwetu si Usukumani. Walimu tulikuwa watano shule nzima, na wakati wa masika barabara ya kwenda shule ya jirani ilikuwa tope tupu.

Nilikuwa na stashahada yangu ya chuo kikuu, tena niliitunza vizuri ndani ya bahasha. Nilidhani inatosha.

Sasa chukueni kalamu. Andikeni 42, na chini yake 17. Toeni 17 katika 42. Mnapata ngapi?

Jibu ni 25. Lakini watoto wangu wa Darasa la Tatu, wengi wao, waliandika 35. Nikaweka alama ya kosa kwa wino mwekundu, nikaeleza tena ubaoni. Wakaandika 35. Nikaeleza kwa sauti kubwa zaidi. Wakaandika 35. Nikawaadhibu, jambo ambalo sijivunii hata kidogo, nao wakaandika 35 huku wanalia. Mwaka ukaisha, nikapokea watoto wengine. Nao pia 35. Nikasema moyoni mwangu: watoto hawa ni wavivu, na wazazi wao wanafikiri habari za dhahabu tu.

Je, nilimwuliza mwalimu mwenzangu? Hapana. Niliona haya. Mwenye stashahada aulizeje habari za kutoa?

Hebu fikirini. Mwizi akiingia zizini usiku, mwenye ng'ombe hufanya nini? Hupiga yowe. Hasubiri kupambazuke, wala haoni haya kwamba ng'ombe wake wameibwa yeye akiwa amelala. Wazee wa Kahama na Shinyanga walioanzisha Sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliujua vizuri ukweli huu, kwamba yowe moja linaleta kijiji kizima. Lakini mwalimu aliyepotelewa na darasa lake hufunga mlango ili jirani asisikie. Mimi niliufunga miaka miwili.

Zamani, mwalimu aliyetaka kuuliza alikuwa na njia chache. Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, nchi yetu ilipoamua kuingiza watoto wote shuleni kabla ya mwisho wa mwaka 1977, walimu hawakutosha. Basi vijana waliomaliza Darasa la Saba walichukuliwa wakafundisha huku wanajifunza ualimu. Walipata masomo yao kwa njia ya posta, na kwa redio kama ninyi sasa, na walikutana na wakufunzi wao. Hata kabla ya hapo, mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza masomo ya redio ya "Mtu ni Afya", kisha wakazungumza wao kwa wao na kwenda kuchimba vyoo. Nawakumbusha jambo hili kwa kuwa vijana wengi hudhani kujifunza kutoka mbali kumeletwa na simu. Kilicholetwa na simu ni kingine. Redio husema nawe, lakini huwezi kuijibu. Barua hujibiwa, lakini baada ya majuma. Baadaye vikajengwa vituo vya walimu, mahali pa kukutania na kusomea. Ni vitu vizuri, ila mwalimu wa mbali hutumia nauli na siku nzima kufika.

Mnamo mwaka 2016 mwenzangu mmoja niliyesoma naye alinitia katika kundi la walimu la WhatsApp. Kwa wale wasiojua: kundi hili ni kama baraza lililo ndani ya simu. Mtu mmoja akiandika neno, wote walio katika kundi wanalisoma, hata kama mmoja yuko Kishapu, wa pili Bukombe na wa tatu Mtwara. Mwanzoni nilisoma tu. Miezi mitatu sikuandika neno ila "asante" na "hongera". Usiku mmoja, nimesahihisha madaftari mpaka macho yanauma, nikaandika hivi: "Ndugu walimu, watoto wangu wanasema 42 kutoa 17 ni 35. Nimeshindwa. Nifanyeje?"

Nikaizima simu kwa aibu. Asubuhi nikapanda juu ya kichuguu nyuma ya shule, maana ndipo mtandao ulipopatikana, nikaiwasha.

Majibu yalikuwa mengi, na si yote yaliyofaa. Mmoja alinicheka. Mmoja alisema niongeze viboko. Mwingine alileta tangazo la kuuza kiwanja. Lakini mwalimu mmoja wa kike, aliyefundisha upande wa Kahama, aliandika maneno machache: "Usiwaambie wamekosa. Mwite mtoto mmoja, mwambie akueleze amepataje 35. Kisha uniandikie."

Nilimwita msichana mmoja, mtoto mpole, baba yake alikuwa akifanya kazi kwenye karasha. Nikamwomba anieleze. Akasema, kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mwalimu, mbili ni ndogo, haiwezi kutoa saba. Basi nimechukua saba nikatoa mbili, nikapata tano. Halafu nne nikatoa moja, tatu."

Ndugu zangu, nilisimama kimya. Mtoto yule hakuwa mvivu. Alikuwa amefikiri, tena kwa utaratibu. Katika namba ndogo tulikuwa tumemfundisha kwamba kubwa hutolewa ndogo, naye akaishika kanuni ile kwa uaminifu. Kosa lilikuwa na sababu, na sababu niliitia mimi na wenzangu. Miaka miwili nilikuwa nasahihisha jibu bila kulitazama.

Nikamwandikia yule mwalimu. Akaniambia, "Wafundishe kwa noti." Mtu wa tatu katika kundi, wa kutoka Maswa, akaongeza kwamba yeye hutumia vijiti, kumi kumi, vimefungwa kwa kamba ya katani. Nikafanya yote mawili. Tulikata karatasi tukaandika juu yake 10,000 na 1,000.

Fanyeni nanyi, maana jambo hili ninyi mwalijua kuliko watoto. Una noti nne za elfu kumi na noti mbili za elfu moja. Jumla shilingi 42,000. Mwenye duka anakudai shilingi 17,000 za mbolea, naye hana chenji. Elfu kumi unampa. Zimebaki elfu saba, nawe unazo noti mbili tu za elfu moja. Je, utamwambia, "Saba toa mbili, basi tuhesabu tano"? Atakufukuza! Utakwenda kwa jirani kuvunja noti moja ya elfu kumi, upewe kumi za elfu moja. Sasa za elfu moja zimekuwa kumi na mbili. Ukitoa saba, zinabaki tano. Za elfu kumi zilikuwa nne. Moja umeilipa, moja umeivunja, zimebaki mbili. Mfukoni una shilingi 25,000. Kule "kukopa kumi" kunakoandikwa ubaoni ndiko huku kuvunja noti, wala si kitu kingine.

Baada ya majuma mawili, wengi wa watoto wangu waliandika 25. Nikapiga picha ya ubao na vijiti, nikaipeleka katika kundi pamoja na maelezo ya yaliyokwenda vizuri na yaliyoharibika, maana siku ya kwanza noti za karatasi ziligombaniwa zikachanika. Mwalimu mmoja wa Sengerema akaichukua njia ile akaitengeneza zaidi kuliko mimi. Hapo ndipo nilipoanza kukua kazini. Ule usiku wa kuuliza ulinipa njia ya wenzangu, lakini siku ya kurudi na habari za darasa langu ilinifanya niitazame kazi yangu kwa makini, kwa kuwa wapo watu waliokuwa wanangoja kusikia. Mwalimu anayepokea tu, wala haleti kitu, hubaki mtazamaji.

Yule msichana aliyenifumbua macho alijifunza. Lakini wale wa mwaka uliotangulia? Wengi wao walikuwa wamekwisha kuhama na wazazi wao, sijui kwenye machimbo gani. Wameondoka na 35 yao. Sina namna ya kuwafuata.

Tangu siku zile mambo yamesogea mbele. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile kwisha. Kishikwambi ni kama simu kubwa yenye uso mpana. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka masomo ya walimu na vitabu vya shule katika intaneti, na mpango uitwao MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, unawataka walimu wa shule moja wakae pamoja kujadili masomo yao. Mtaala mpya ulipoanza kutumika Januari 2024, kwa Elimu ya Awali, Darasa la Kwanza na la Tatu, makundi ya simu yalijaa maswali usiku kucha. Hata hivyo mtandao bado ni wa shida vijijini kwingi, na bando hununuliwa kwa fedha ya mwalimu mwenyewe. Tena kishikwambi hakimpi mtu moyo wa kusema "nimeshindwa". Huo aulete yeye.

Jambo moja lawahusu ninyi kama wazazi. Mwalimu akitaka kuwaonyesha wenzake kazi ya darasa, apige picha ya daftari au ya ubao. Sura ya mtoto wako si yake ya kupeleka atakako. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukisikia picha ya mwanao inazunguka katika simu za watu, nenda shuleni ukaulize kwa adabu, nawe utakuwa katika haki yako.

Na jambo jingine lawahusu ninyi kama wanafunzi. Mwalimu wenu wa darasa hili la watu wazima naye ana wenzake anaoweza kuwauliza kwa simu. Lakini atauliza nini, ikiwa ninyi mnaficha? Nimetembelea madarasa ya watu wazima nikaona mama mtu mzima akifuta jibu lake kwa kidole chenye mate kabla mwalimu hajafika. Mama yangu, unafuta kile kile alichokuwa anakihitaji!

Kwa hiyo kazi ya juma hili ni hii. Andikeni 61, toeni 34. Msitumie simu kuhesabu. Chini ya jibu, andika kwa maneno yako mwenyewe namna ulivyolipata. Sentensi mbili zatosha, na asiyeweza kuandika amwambie jirani amwandikie. Atakayepata jibu lisilolingana na la mwenzake asilifute. Alipeleke kwa mwalimu vile vile lilivyo, naye mwalimu ayakusanye yote. Juma lijalo, saa hii hii, tutayafungua pamoja.

Kwaherini.