Mzigo na Mwenyewe: Hotuba kwa Wakazi wa Kisenyi

 

Tumekuja kuzungumza juu ya mizigo, kwa kuwa Kisenyi ni mtaa wa mizigo. Mabasi huiteremsha hapa kutoka mipakani, na mingine huendelea hadi Entebbe kupanda ndege za Dubai, Mogadishu na Juba.

Upanuzi wa Uwanja wa Ndege wa Entebbe ulianza mwaka 2016. Mwaka 2024 abiria wake walivuka milioni 2. Mizigo ya umati huo haiwezi kuachiwa mikono ya wapagazi peke yake. Uwanja unapokua, mitambo nayo haina budi kukua. Katika mtambo wa kisasa, kila begi hubandikwa karatasi yenye mistari inayosomwa na mashine. Mkanda hulipeleka begi kwenye eksirei, na likitiliwa shaka hutengwa likaguliwe. Abiria asipopanda, begi lake huteremshwa.

Kanuni hiyo imetokana na msiba. Mwaka 1976 watekaji walipanda ndege ya Air France mjini Athens wakiwa na silaha, na safari yao ikaishia Entebbe kwetu. Mwaka 1988 begi lililosafiri bila mwenyewe lililipua ndege ya Pan Am juu ya Lockerbie. Watu 270 wakafa.

Tunalijua lalamiko lenu. Tangu milipuko ya Julai 11, 2010 iliyoua zaidi ya watu 70 hapa Kampala, baadhi yenu mmehisi kwamba safarini jina na lafudhi hukaguliwa kabla ya begi. Hatulipuuzi. Mashine haijui kabila la mtu, na hiyo ni heri kwa kila msafiri mwaminifu. Lakini anayeitazama picha ya mashine ni binadamu, naye anawiwa adabu kwenu. Mkitendewa kinyume, shikeni tarehe, saa na mahali, kisha mlifikishe jambo hilo kwa kitengo cha polisi kinachosimamia nidhamu ya askari.

Nasi tunawaomba mambo matatu. Kwanza, msifunge magunia kwa kamba zinazoning'inia, maana hunaswa kwenye mkanda na kuchelewesha mizigo ya wote; wala furushi moja lisizidi kilo 32. Pili, pawabenki na betri za akiba zibaki kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu zinaweza kushika moto.

La tatu ndilo zito. Msibebe kifurushi msichokifunga wenyewe, hata akikuleteeni jirani kwa machozi, akisema ni dawa za mamaye mgonjwa. Karatasi ya begi ikiwa na jina lako, wewe ndiwe utakayeulizwa, na aliyekutuma huenda simu yake imekwisha kuzimwa.

Wahenga walinena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sokoni huenda ikawa hivyo. Uwanja wa ndege, ndugu zetu, mzigo wa mwenzio unaweza kukuelemea maisha yako yote.