Tabibu, Andaa Maombi Mapema
Leo tunasema nawe, tabibu wa Hospitali ya Makandana wilayani Rungwe, unayetoka zamu ya usiku ukiwaza kusomea udaktari.

Kwa mwenye stashahada ya utabibu, mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) unataka GPA isiyopungua 3.0, pamoja na ufaulu wa kidato cha nne. Omba NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, namba ya uhakiki wa stashahada yako kabla dirisha la maombi halijafunguliwa. Hakikisha jina la cheti cha kuzaliwa linalingana na la cheti cha shule, herufi kwa herufi.

Shahada ya udaktari ni miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo; zungumza na mwajiri mapema kuhusu ruhusa ya masomo.

Ukitoka zamu, lala kwanza. Fomu ijazwe na akili iliyopumzika. Wagonjwa wa Rungwe wanakuhitaji.